Zamu Yangu ya Kushika Bomba

Katika utoto wetu, upande wa Bara haukuwa na televisheni. Sisi wa Ngaramtoni, chini ya mlima Meru, tuliipata picha kutoka Nairobi. Marehemu baba yake rafiki yetu Naftali, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Machame, alisimika bomba refu la chuma nyuma ya duka lake, akafunga antena kileleni, akawasha televisheni kwa betri ya lori. Jumamosi jioni tulitazama mchezo mmoja tu: visa vya mkuu wa stesheni ya mbali na punda wake aliyebeba barua.

Picha ilijaa chenga, vitone vyeupe vinavyochezacheza, na haikutulia mpaka mtu alishike bomba na kulielekeza kaskazini, kwani upepo wa Meru haukuliacha. Mtu huyo alikuwa Loishiye, aliyetuzidi sote kimo na nguvu.

"Vipi hapo?" aliuliza kutoka nje.

"Rudi kidogo! Umepitiliza! Hapo, shika hapo hapo!"

Mchezo ulipokwisha, tulimsindikiza kwao tukimsimulia yote. Yeye mwenyewe hakupata kuuona.

Mwaka huu mchezo ule umetengenezwa upya kuwa filamu. Mjukuu wangu Jackline, ambaye ni mwanasheria, nami silisemi hilo kwa majivuno ingawa ningeweza, alitukatia tiketi wazee watatu, Naftali, Loishiye na mimi, akatupeleka kwenye sinema ya Njiro, mjini, kwa gari lake. Loishiye alivaa suti na tai.

"Mwalimu," aliniambia tulipoketi, "mimi nataka kumwona punda akirudi kutoka kwenye ukungu. Hilo tu. Mengine nawaachieni."

Nilimwelewa. Katika mchezo wa zamani punda alipotea mlimani, stesheni nzima ikamkatia tamaa, kisha asubuhi moja akatokea ukunguni, mfuko wa barua ungali mgongoni. Kisa hicho Loishiye alituomba tukirudie hata tulipokuwa watu wazima. Nilimsimulia jioni ya siku aliyomzika mkewe.

Filamu ilikuwa safi mno. Ukoka ulikuwa kijani, koti la mkuu wa stesheni buluu, rangi ambazo hatukuwahi kuzijua. Katikati picha ikakwama. Kabla mtu hajakohoa, Loishiye alikwisha kusimama gizani, mikono mbele, amekamata hewa.

"Rudi kidogo!" Naftali alipaza sauti. "Umepitiliza, bwana!"

Vijana nyuma yetu wakaangua kicheko. Nami, niliyewatoa wanafunzi nje ya darasa kwa makosa madogo kuliko hayo, nikacheka mpaka miwani ikanidondoka.

Picha ikarejea. Punda hakurejea. Mkuu wa stesheni alinunua pikipiki, barua zikafika, muziki ukapigwa, majina yakapanda. Taa zilipowaka, Loishiye alikuwa bado anatazama kitambaa cheupe.

"Wamemwacha wapi?"

"Wamebadilisha, mzee wangu," Naftali alisema. "Siku hizi ndivyo wanavyofanya."

"Mangi, wewe ulimwona kweli akirudi?" Loishiye alimuuliza, kwa jina tulilozoea kumtania Naftali kwa Uchaga wake.

"Nilimwona. Chenga zilikuwa nyingi, lakini nilimwona."

"Nyinyi mlimwona," alisema Loishiye, akafungua tai yake.

Garini aliikunja tai, akaitia mfukoni. Nikamwambia Jackline asituteremshe mjini, atupeleke Ngaramtoni.

"Babu, na mawingu yale?"

"Kwa sababu ya mawingu yale."

Bomba lingalipo nyuma ya duka, ambalo sasa ni la Naftali. Antena iliondoka zamani. Zimebaki kamba za kuanikia nguo, nikazifungua. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, limelala juu ya mahindi. Nikatoa kiti dukani, nikakiweka kwenye baraza ya nyuma.

"Keti," nikamwambia Loishiye.

"Nawe waenda wapi?"

"Zamu yangu."

Nikalikumbatia bomba. Sikuwa nimejua kamwe kwamba chuma kile kilikuwa baridi kiasi hicho.

"Vipi hapo?" nikauliza.

Naftali alifungua kinywa kunijibu. Loishiye akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa akitazama mbele, ambako shamba lote lilikuwa chenga tupu.

"Rudi kidogo, Mwalimu."

Nikalizungusha, kutu ikilia.

"Umepitiliza."

Nikarudisha.

"Hapo. Usiachie."

Mabega yakaanza kuniuma. Kisha nikamsikia akimsimulia Naftali, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Masikio kwanza. Unaona? Sasa kichwa. Amechoka huyo, miguu inatetemeka. Lakini mfuko anao, Mangi. Mfuko bado anao."

Nikazidi kulikumbatia bomba.