Dirisha la Mikono

Saa saba kasorobo mchana wanafunzi walipanga foleni mbele ya banda la makuti, kila mmoja na sahani yake ya bati, na foleni haikwenda. Ilikuwa mwaka wa 1987. Chuo kikuu kilikuwa kimefungua tawi nje kidogo ya Malindi, upande wa njia ya Gongoni, na wanafunzi walikuwa wengi kuliko vitanda. Chakula kilitosha. Kilichochelewesha ni maamkizi. Wapishi walikuwa kina mama watu wazima, wamesimama nyuma ya meza ndefu, na hakuna mtoto aliyelelewa vizuri ambaye angemnyooshea sahani mtu wa umri wa mamake bila kumwamkia. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo, wa nyumbani hawajambo, mbona umekonda? Kisha mpishi wa pili, naye ana haki yake. Wa mwisho kwenye foleni alipata ugali ulioganda.

"Nyinyi watu wa pwani mtaamkiana mpaka kiama," alisema Bi Mumbua, msimamizi wa mabweni, ambaye alitoka Machakos na alikuwa na watu wa kuwalisha.

Msanifu wa majengo mapya aliitwa Msellem. Alizaliwa mtaa wa Barani, pale pale Malindi, akasoma ng'ambo, akarudi na kalamu nzuri. Alikaa bandani mchana mzima akiitazama ile foleni, kisha akaenda kuchora.

Mabweni aliyochora yalikuwa mazuri, na hilo lisemwe. Vyumba vya watu wawili wawili, madirisha yametazamana ili upepo uingie huku utokee kule, na mahali pa kuanikia nguo palipokuwa na jua lakini pasipokuwa na macho ya wapita njia. Bwalo la chakula nalo lilikuwa refu na jeupe, sakafu yake ya saruji iking'aa. Kati ya bwalo na jiko aliweka ukuta, na kwenye ukuta dirisha moja la kugawia chakula, pana lakini fupi, lililoanzia kiunoni na kuishia chini ya kifua. Mwanafunzi aliyesimama mbele yake aliona mikono tu. Mikono ilipokea sahani, ikapakua, ikarudisha.

"Usiyemwona uso hulazimiki kumwamkia," Msellem aliwaeleza wakubwa wa chuo. "Hakuna aliyekosa adabu. Ni ukuta tu."

Ilifaa. Foleni ilikwenda, wali ulifika mezani ukiwa na moto, na Bi Mumbua akapata muda wa kukaa chini. Wanafunzi waliona haya siku mbili tatu, kisha wakazoea.

Kadii alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu wa hesabu. Kwao ni Ganze, lakini siku ya kwanza chuoni alimwambia mwenzake wa chumbani kwamba wao ni Wagiriama waliohamia Voi na mama yake ni mwalimu mkuu. Huyo mwenzake aliitwa Shekha, binti wa mjini, mwenye viatu vya kubadilisha na maswali mengi. Uongo ukishakaa chumba kimoja na mtu unakuwa kama kitanda. Huwezi kuutoa bila watu kuuliza unaupeleka wapi.

Wiki ya pili ya bwalo jipya, mikono iliyomrudishia Kadii sahani ilikuwa na kovu la moto kwenye kifundo, la tanuri la makaa. Kadii alilijua kovu hilo kabla hajajua kutembea. Mikono nayo iliijua ya kwake. Ilisita kidogo, ikaongeza upawa wa maharagwe, ikamwachia sahani.

Jumapili alimvizia mama yake, Kahonzi, nyuma ya jiko, penye tangi la maji.

"Mama, umekuja kufanya nini hapa?"

"Kupika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza. Mahindi yamekauka yote na ndugu yako anataka kwenda shule. Ulitaka nipike wapi?" Kahonzi alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga, na hakuacha. "Nasikia mimi ni mwalimu mkuu."

Kadii akatazama chini.

"Wa Voi," mama akaongeza. "Mwenzako yule ana sauti kubwa, na dirisha halizibi masikio. Sijafika hata Mariakani mimi."

"Mama, yalikuwa maneno tu ya—"

"Nafundisha nini?"

"Kiingereza," alisema Kadii, polepole.

Kahonzi alicheka mara moja, kicheko kikavu. "Haya. Mimi sikujui. Kula ushibe, na usije huku nyuma tena. Watu wana macho."

Wapishi wenzake walimwita Mama Kitsao, kwa jina la mwanawe wa kiume, maana ndivyo alivyowaambia. Hakuwaambia kwamba Kitsao si kifungua mimba.

Mwezi wa tano, katikati ya mvua, dirisha lilipanda.

Ilikuwa asubuhi baada ya mwezi kuandama. Safu moja ya tofali juu ya dirisha haikuwapo. Hakukuwa na kifusi wala vumbi. Ukingo mpya ulikuwa umepigwa lipu na kupakwa rangi ile ile ya maziwa, na rangi ilikuwa imekauka. Tofali zenyewe zilikutwa nje karibu na tangi, zimepangwa vizuri. Wanafunzi walipokuja kunywa uji waliona mikono mpaka kwenye viwiko. Walichukua uji wakaenda zao.

Bi Mumbua alimwita fundi Simeon, naye akapajenga. Asubuhi yake tofali zilikuwa nje tena. Akapajenga mara ya pili kwa saruji nyingi zaidi, na kilichoongezeka ni saruji iliyopotea bure.

"Kujenga najua," Simeon alisema. "Ukuta ndio hautaki."

Basi Bi Mumbua alimwambia atumie zile tofali kujenga banda la kuku. Banda la kuku lilikaa pale lilipowekwa. Dirishani wakajaribu pazia. Pazia liliingia kwenye mchuzi, likaondolewa siku hiyo hiyo.

Mwezi wa sita ulipoandama yakaonekana mabega. Mwezi wa saba zikaonekana shingo na videvu. Mwanafunzi mmoja kutoka Mambrui aliutambua mkufu wa shangazi yake, na tangu siku hiyo akawa anakula mkate chumbani. Wengine waliinamisha macho. Walipokea sahani wakiitazama sahani.

"Mwezi ujao tutawaona uso mzima," Shekha alimwambia Kadii usiku mmoja akikunja nguo. "Unajua maana yake? Itabidi tuwaamkie. Hebu fikiria, miezi yote tumekula kimya kimya kama tunalishwa na mashine, halafu leo, shikamoo mama! Utaanza kwa uso gani?"

"Sijui," alisema Kadii.

"Wewe huna taabu. Wewe una midomo ya mwalimu mkuu."

Kadii alizima taa. Midomo yake ilikuwa ya mama yake. Macho pia, na mwanya wa meno ya mbele, na paji la uso. Uso wa Kahonzi ulikuwa uso wa Kadii uliokaa juani miaka ishirini zaidi, na aliyewaona wote wawili asingehitaji kuambiwa.

Msellem aliitwa. Alipima dirisha akakuta liko sawasawa na mchoro wake kila mahali isipokuwa juu. Hakusumbuka sana, alikuwa amejenga pwani muda wa kutosha. Akasema anataka kikao, na kikao kikakaa bwaloni baada ya chakula cha mchana: yeye, Bi Mumbua, na Kadii, ambaye wanafunzi walikuwa wamemchagua awasemee mambo ya chakula kwa sababu hakuwa mtu wa kuzungushwa.

"Litapanda mpaka lifike dari," alisema Msellem, akiutandaza mchoro mezani. "Ukuta hatuuwezi, lakini sakafu tunaiweza. Tuchimbe jiko lishuke kimo cha kiuno. Wapishi watafanya kazi wakiwa chini, sahani watazinyanyua. Wanafunzi wataiona mikono, kama mwanzo."

"Yaani tuwachimbie shimo," alisema Bi Mumbua.

"Sakafu ya chini."

"Sakafu ya chini." Bi Mumbua alivua miwani. "Au waamkiane tu. Najua, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele. Lakini wali ukipoa hafi mtu. Niliona hata haya juzi, nimepita pale nikaona mtoto anamnyang'anya mama mzima sahani kama anachuma embe." Akamgeukia Kadii. "Nyinyi mnaokula, mnasemaje?"

Wakati huo Kahonzi aliingia na birika na vikombe, maana zamu ya chai ilikuwa yake. Aliweka kikombe mbele ya Msellem, kingine mbele ya Bi Mumbua. Msellem alikuwa akitazama mchoro. Bi Mumbua alimtazama mpishi, akamtazama mwanafunzi, akamtazama tena mpishi. Kisha akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari bado.

Kadii alijua kwamba neno moja lingetosha. Angesema waamkiane, na Bi Mumbua angelipigilia msumari hapo hapo. Na mwezi ukiandama angesimama mbele ya uso wake mwenyewe, na Shekha nyuma yake.

"Tuna vipindi saa nane," alisema. "Foleni ikichelewa tunavikosa. Wachimbe."

Kahonzi aliweka kikombe cha mwisho. "Ina tangawizi," alimwambia Bi Mumbua, akatoka.

Bi Mumbua alivaa miwani yake akanywa chai.

Walichimba likizo ya mwezi wa nane. Kazi ilikuwa nzuri, maana Msellem hakujua kufanya kazi mbaya. Palijengwa ngazi zenye mahali pa kushikia, na mifereji ya maji machafu ilitoka bila kutuama. Wanafunzi waliporudi, dirisha lilikuwa limepanda safu nyingine, na nyuma yake, pale ambapo nyuso zingekuwa, palikuwa na moshi na ukuta wa upande wa pili. Mikono ilitoka chini, ikiwa imeinuliwa, na sahani juu yake.

Dirisha liliendelea kupanda kila mwezi. Mwaka uliofuata lilifika dari, likaacha, kwa kuwa ukuta ulikuwa umekwisha. Bwalo na jiko vikawa chumba kimoja chenye juu na chini. Joto lilibaki chini. Kina mama walijifunga vitambaa vichwani, na vitambaa vililoa kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna aliyekatazwa kutazama. Mwanafunzi yeyote akiinamisha shingo angewaona wote, mmoja mmoja, na sufuria zao. Lakini shikamoo ni ya kumpa mtu aliye juu yako. Namna ya kumpa aliye shimoni haikujulikana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuibuni mbele ya wenzake. Foleni ilikwenda vizuri sana. Wakubwa wa vyuo vingine walikuja kuitazama.

Siku moja ya Alhamisi kijiko cha Shekha kilimponyoka kikaangukia jikoni. Aliinama kukitafuta kwa macho. Chini, mpishi mmoja alikiokota, akakisuuza, akakifuta kwa ncha ya leso, akainua uso kuona ni cha nani.

Shekha alikaa ameinama kwa muda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akageuka kumtazama Kadii, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Kadii," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa kubwa. "Huyu mama mmefanana. Wallahi mmefanana mpaka mwanya."

Waliokuwa nyuma walisogea ili wasikie.

"Wagiriama wote tumefanana," alisema Kadii. "Si ndivyo mnavyosema huko kwenu mjini?"

"Astaghfirullah! Mimi sijasema hivyo!" Shekha alicheka kwa aibu, na wengine wakacheka naye, na kicheko kikaipitisha siku. Akachukua kijiko chake kwenye vidole vilivyokinyanyua, akachukua na sahani, akaenda kutafuta meza.

Ikawa zamu ya Kadii. Kahonzi alikuwa ameshapakua. Aliinyanyua sahani juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa kitu aliyemzidi heshima, akaishikilia hapo. Haikutikisika. Kadii aliipokea kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na kikombe cha maji.