Pikipiki ya Kumpeleka Irene

Mimi Agostinho ni mtu wa kujipenda, na sioni sababu ya kuficha. Naendesha winchi Bandari ya Mtwara. Kwa miaka ishirini na miwili nimenyanyua makontena ya korosho bila kumgusa mtu hata ukucha, shati langu limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Wapakizi wananiita Bosi ingawa si bosi wa mtu yeyote, na mimi huitika.

Mwezi wa nne binti yetu wa pekee, Irene, alituletea mchumba. Anaitwa Anold, mwalimu wa sekondari, kijana mpole mpaka unatamani kumtikisa. Wakwe wakaahidi gari jeupe la kumtoa bibi harusi nyumbani kwetu Ufukoni na kumfikisha kanisani. Irene akawashukuru vizuri sana, halafu akasema gari hataki. Anataka baba yake ndiye ampeleke, kwa pikipiki, kama alivyokuwa akimpeleka shule ya msingi.

Sebule nzima ilinigeukia. Mke wangu Esta alinikazia macho nisije nikamwaga machozi mbele ya wageni. Sikulia, nilikohoa tu, nikaomba maji.

Wakwe hawakufurahi. Mama mkwe mtarajiwa alisema kwa sauti ya upole kwamba gari litakuwepo tu, pale nje, likisubiri, maana huwezi kujua. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba wa samaki. Nikaapa moyoni kwamba gari lile halitambeba mwanangu hata hatua moja.

Ile pikipiki ya zamani niliiuza siku nyingi. Kwa hiyo ilibidi ninunue nyingine, na safari hii nilijua ninachokitaka: kruza. Zile pikipiki ndefu, kiti kiko chini, tangi nene, usukani mpana, miguu imetangulia mbele kama mtu aliyekaa kwenye kochi. Nimezitamani tangu ujana. Esta alijua nimeweka akiba kwa ajili hiyo na hakuwahi kusema neno, na mimi nilihesabu ukimya wake kuwa ndiyo.

Filipo, anayeuza pikipiki zilizotumika pale Chikongola, alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndefu, gurudumu la mbele limechomoza mbali, mabomba mawili ya moshi yamelala ubavuni kulia, yanang'aa kiasi cha kunyolea ndevu. Ya pili ilikuwa fupi zaidi, rangi ya kijani iliyofifia, mahali pa kukanyaga pako karibu na magoti, bomba moja limebanwa juu. Ukiitazama kwa upande ilikuwa kama mbuzi aliyechutama.

"Mzee, chukua muda wako," Filipo alisema. "Ila nyeusi ukipita nayo, hata trafiki anasahau alichotaka kukuuliza."

Sikuhitaji muda. Nilipanda ile nyeusi nikaenda nayo barabara ya uwanja wa ndege, upepo kifuani, watoto wananipungia mikono. Nilipotaka kurudi niligeuza kwa kuisukuma na miguu, mbele kidogo, nyuma kidogo, mara tano hivi, na wala sikujiuliza kwa nini. Barabara ilikuwa imenyooka na mimi nilikuwa na furaha. Filipo aliniruhusu nikae nayo wiki moja kwanza, nikaileta nyumbani nikipiga honi kuanzia kona ya msikiti.

Sasa, mjini kwetu msafara wa harusi hauendi kanisani hivi hivi. Lazima uzunguke kipilefti, ile duara ya njia panda katikati ya mji, mara tatu, pikapu ya matarumbeta mbele, magari na bodaboda nyuma, watu wamesimama pembeni wanashangilia. Ukipita bila kuzunguka, mji mzima utasema mlikuwa mnakimbia kitu gani. Kwa hiyo Jumamosi mbili kabla ya harusi, alfajiri barabara ikiwa tupu, nilimwambia Esta tukafanye mazoezi.

Esta ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Njombe, na kazi akiifanya anaifanya kikamilifu. Alijifunga shuka jeupe la kitandani kiunoni liwe badala ya gauni, akakaa upande, miguu yote kushoto, helmeti kichwani.

"Twende, Baba Irene. Na usijionyeshe."

Kipilefti unakizunguka kwa mkono wa kulia, ukipinda muda wote. Niliingia kwa mwendo wa kawaida tu, nikailaza pikipiki upande wa kulia, na hapo hapo mabomba yale mazuri yakagusa lami. Krrrr! Cheche zikaruka. Nikitaka kupinda zaidi sina pa kuilaza, chuma kimeshafika chini, na lile gurudumu la mbele linajiendea linakotaka lenyewe. Tukatoka nje ya njia polepole, kama ng'ombe aliyekataa kamba, tukapanda ukingo, tukasimama katikati ya akina mama wanaokaanga vitumbua.

Hakuna aliyeumia. Ila wale akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Esta aliteremka, akajikung'uta shuka, akanunua vitumbua sita kwa ajili ya usumbufu, kisha akanigeukia.

"Hii pikipiki haimbebi mwanangu."

"Ni mazoea tu, Mama Irene. Nikiizoea—"

"Hata kuzunguka kipilefti haiwezi. Waambie wakwe walete gari lao."

Kama angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko hivyo. Nilirudi nyumbani naiendesha peke yangu, yeye amepanda bajaji. Siku nzima sikula. Sikuwa nawaza mabomba yaliyochubuka; nilikuwa naliwaza lile gari jeupe, na mimi nimesimama getini na suti yangu, napunga mkono kama jirani.

Jioni Irene alikuja. Kazi yake ni kupima viwanja, na kwenye begi lake futi ya kupimia haikosekani hata siku ya ibada. Mama yake alikuwa ameshamsimulia kila kitu, na vya kuongeza akaongeza. Nilisubiri anihurumie, nimjie juu. Hakunihurumia.

"Baba, uliijaribu ikiwa na mtu nyuma?"

"Hapana."

"Kwenye kona?"

"Kona ziko wapi Mtwara?"

"Basi twende kwa Filipo kesho. Tuzilaze zote mbili."

Filipo aliposikia tunachotaka kufanya alishika kichwa. "Mzee, watu huja kuzipanda pikipiki, siyo kuzilaza kama wagonjwa!" Lakini Irene alikuwa ameshainama na futi yake. Akamwomba mama yake, aliyekuja nasi, akae nyuma, maana pikipiki ikibeba watu inashuka. Mimi na Filipo tukaishika ile nyeusi, tukaiinamisha kulia taratibu. Hata haijainama kiasi cha mtu anayesalimia mkwe, bomba likagusa sakafu.

"Imeshaishia hapo," Irene alisema.

Tukaishika ile kijani. Ikainama, ikainama, Esta akaanza kumwita Mungu kwa Kibena, lugha ya kwao Njombe, na bado hakuna chuma kilichofika chini. Tulichoka sisi kabla yake. Irene alipima nafasi iliyobaki chini ya bomba, akaniangalia, akaikunja futi yake. Msichana huyo ananijua.

Niliizunguka ile kijani mara mbili. Nitasema ukweli: moyo uliniuma. Mwanaume hutamani kitu miaka thelathini, halafu anapewa mbuzi. Lakini nilipoikalia, magoti yakalikumbatia tangi vizuri, mikono ikafika bila kunyooshwa, na kule kwenye winchi nimejifunza kwamba mashine inayokutii unaitambua kwa makalio kabla ya macho. Nikaenda nayo mpaka kipilefti, Filipo nyuma yangu amenishika kwa woga. Tulizunguka. Ikalala, ikainuka, ikalala tena, ni kama ilikuwa inajua ninachotaka kabla sijakitaka.

"Naichukua," nilimwambia Filipo. "Lakini usukani mpana wa ile nyeusi unahamia hapa. Na vioo vyake. Na kiti cha ngozi."

"Mzee, ile nyeusi nitaiuza vipi haina usukani?"

"Utaiuza kwa mtu asiyepinda kona."

Alicheka, tukapeana mkono. Kwa siku tatu fundi wake alihamisha, akapaka rangi upya, kijani kibichi kama majani ya mkorosho wakati wa mvua. Ilipotoka pale haikuwa mbuzi tena. Nilisimama nayo bandarini kwenye maegesho na wapakizi walikuja kuipiga picha, na mimi nikawa kwenye kila picha.

Siku ya harusi gari jeupe lilikuja kweli, likapaki nje ya geti letu tangu asubuhi, dereva amevaa tai. Irene alitoka na gauni lisilo na mkia, amefungwa khanga mapajani lisipeperuke likaingia kwenye gurudumu, na helmeti ambayo mama yake aliishonea lesi nyeupe pembeni. Alimsalimia yule dereva kwa adabu, akampita, akapanda nyuma yangu. Esta ndiye aliyeingia ndani ya gari, akakaa kiti cha nyuma peke yake kama waziri.

Tulifika kipilefti matarumbeta yakiwaka. Mzunguko wa kwanza niliuendesha nimebana meno, nasikiliza kama kuna chuma kitakachokwaruza. Hakikukwaruza kitu. Wa pili nilimsikia Irene anacheka, wale akina mama wa vitumbua wanapiga vigelegele, na mimi nilijiona mrefu kuliko winchi. Wa tatu sikumbuki vizuri, ulikuwa mtamu mno.

Baada ya mzunguko wa tatu pikapu ya matarumbeta ikatoka kushoto, barabara ya kanisani. Kidole changu kilikuwa juu ya indiketa. Hakikubonyeza. Nikapita ile barabara, nikaendelea kuzunguka, na msafara wote ukanifuata, sasa bila muziki. Trafiki aliyekuwa amesimamisha magari alinyoosha mikono kuniuliza kuna nini. Nikazunguka tena. Dereva wa pikapu alikuwa anarudi kinyumenyume akipiga honi.

"Baba," Irene alisema sikioni, "umesahau njia?"

"Sijasahau."

"Sasa?"

Nilitaka kusema ni kwa sababu ya pikipiki, inapinda vizuri, naifurahia. Lakini alikuwa nyuma yangu tu, na nisingeweza kumdanganya siku hiyo.

"Nikitoka hapa, nimekufikisha."

Tulimaliza nusu ya mzunguko. Kisha nilihisi helmeti yake imeegemea mgongoni kwangu, kati ya mabega.

"Basi mara moja tena," alisema. "Moja tu, Baba. Anold amesimama juani."

Tulizunguka mara moja tena, polepole, nimeilaza pikipiki kuliko nilivyowahi kuthubutu, na Irene amelala nayo bila kuogopa. Barabara ya kanisani ilipokuja, niliwasha indiketa ya kushoto, nikatoka.