Kiapo cha Mama Kontena

Khatib alipoingia ofisini bila utani, Dainess alijua kuna jambo. Kijana huyu wa Tanga kwa kawaida alianza kelele tangu kwenye ngazi, akimwita "Mama Kontena" kwa sauti kubwa, mpaka wapagazi wa Kichina waliokokota mizigo koridoni wakalishika jina hilo nao. Leo alivuta kiti, akakaa, akatazama vidole vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hivyo? Umefiwa?"

"Hapana. Nimesikia mahakama inataka kufungua marobota."

"Wafungue. Sisi tuna nini cha kuficha, nguo tu."

Nje mtu alikuwa akivuta tepu ya kufungia mizigo, ile sauti kali ya kuchanika ambayo mkazi wa Sanyuanli, mtaa huu wa maghala katika nchi ya Wachina, akishazoea haisikii tena. Asubuhi ile Dainess aliisikia.

Kontena lao lilikuwa mbali, kwenye bandari ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Meli iliyolibeba kwenda Dar es Salaam ilikuwa imepakia pia shehena ya watu wengine, na baadhi ya shehena hiyo ilikuwa ya kuteremshwa kwenye nchi iliyokuwa vitani. Adui wa nchi hiyo akaisimamisha meli baharini na kuipeleka kwake, na vyote vilivyomo. Sheria ya vita haimruhusu mwenye manowari kugawana alichokamata kama nyama ya sherehe. Lazima akipeleke mbele ya mahakama ya ngawira, na majaji waamue kipi ni mali ya adui, kipi ni zana za vita, na kipi ni cha watu wasiohusika kirudishwe kwa wenyewe. Lakini mwenye mali naye ajitokeze aape. Asipoapa, ameiacha.

Na wa kuapa alikuwa Dainess. Wafanyabiashara wadogo kutoka nyumbani hupakia pamoja, kwa kuwa mmoja peke yake halijazi kontena, na kwenye hati ya shehena huandikwa jina moja. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa lake. Watu walimwamini kwa sababu mizigo yake ilifika, na kwa sababu kila Jumapili, kwenye ibada yao katika ukumbi wa kukodi, yeye ndiye aliyesimama kuwaombea wasafiri.

"Khatib," alisema, "umeweka nini kwenye robota lako?"

"Suruali tu, mama. Za vijana. Zile za madoadoa."

"Madoadoa gani?"

"Ya jeshi."

Dainess alihisi masikio yakipata moto.

"Niliziona kwenye soko la Zhanqian, laobani mwenye duka akanipunguzia, nikasema vijana watazigombania," Khatib alieleza haraka. "Si za jeshi kweli, mama. Kitambaa chenyewe ukikifua mara mbili kinachuja. Nilizifunga katikati ya fulana kwa sababu nyumbani raia haruhusiwi kuvaa. Niliogopa forodha. Hiyo vita yao hata sikuifikiria."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Ni kweli, hakuuliza. Kati yao robota la mtu haliulizwi. Mwenzako analileta limefungwa, limezungushiwa tepu, jina limeandikwa kwa kalamu nene, nawe unalipokea na kulisukuma ndani. Ukiuliza mna nini, umemwita mwizi mbele ya wapagazi. Dainess mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni heshima hiyo.

Lakini kwenye kiapo alichokwisha kuapa alisema ameona.

Aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Jonas, mwanafunzi wa sheria za bahari aliyekuwa akisali nao, ndiye aliyeyasoma maelekezo ya mahakama na kumwandalia maneno. Wenye mizigo walikuwa wamejaa ofisini, wengine wamekaa juu ya maboksi. Jonas alisoma kwa sauti: marobota yangu niliyafunga mwenyewe, ya wenzangu nayaeleza kwa kadiri nilivyoambiwa na wenyewe.

"Ngoja hapo," Dainess alimkatiza. "Nilivyoambiwa? Unaniandika kama mpita njia, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mahakama haikulazimishi ujue kila kitu. Inataka useme unajuaje. Uliloona, sema uliliona. Uliloambiwa, mtaje aliyekuambia. Basi."

"Kontena langu, nisijue kilichomo?"

"Uliyaona ya ndani, mama?"

Watu wote walimtazama. Edina wa Iringa, mwuza nguo za watoto, aliyekuwa ameweka kila alichonacho kwenye safari ile, alikuwa ameinama mbele kama mtu anayesubiri jibu la daktari. Dainess hakutaka kumwona Edina akiogopa. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa baadaye. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba alisikia aibu, mtu mzima, mama wa maombi, mwenye jina kwenye hati, kusema mbele ya watu wake kwamba hajui.

"Andika nimeyaona kwa macho yangu," alisema. "Andika ni nguo za kawaida, hakuna cha jeshi wala cha adui."

Jonas aliandika. Edina akasema, "Mungu akuzidishie, dada," na Dainess akaitikia amina. Kesho yake aliapa mbele ya afisa wa konseli, ubalozi mdogo wa nchi yao, mkono juu ya Biblia. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga na kuomba. Hakumwuliza Mungu kama kiapo chake ni cha kweli. Alimwomba kipokelewe.

"Mama," Khatib alisema sasa, "labda wasilifungue langu. Marobota ni mengi. Wewe tuombee tu. Maombi yako yanasikilizwa."

Hakuwa anamkejeli. Alimaanisha kabisa, na hilo ndilo lililomchoma Dainess. Kijana wa watu, Mwislamu, amepanda ngazi kuja kumwomba amwambie Mungu wake awazibe majaji macho.

"Nenda," alimwambia. "Nitakupigia."

Alipobaki peke yake alifunga mlango, akapiga magoti kati ya meza na mizani ya kupimia mizigo. Alisema "Baba," kisha hakupata la kufuatia. Kila sentensi aliyoijaribu iligeuka kuwa ombi la kufichwa. Aliinuka, akapangusa magoti, akampigia Jonas.

Jonas alifika baada ya kipindi cha mchana chuoni, begi mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavua miwani na kuishika.

"Suruali zenyewe si kitu," alisema. "Ni nguo za mitindo, zinakwenda kwa raia, kwenye nchi isiyo vitani. Tungezitaja tangu mwanzo, nadhani tungeeleza tukaeleweka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shida ni kiapo. Tumesema hazimo. Wakili wa waliokamata meli akizikuta, hatahangaika na suruali. Atasimama aseme, huyu mama aliapa ameona na hakuona, basi mtamwamini kwa lipi lingine? Nguo za Edina nazo anajuaje ni za Edina? Na hapo, mama, sina jibu."

"Tunaweza kusahihisha?"

"Tunaweza, kabla hawajafungua. Mahakama imetoa nafasi. Unaapa kiapo kingine, unataja lipi halikuwa kweli na kwa nini ulilisema. Halafu kila mwenye robota aape mwenyewe la kwake." Alisita. "Haina hakika. Wanaweza kusema umeogopa kukamatwa, ndiyo maana umerudi."

"Watakuwa hawajakosea sana," Dainess alisema.

Jonas aliangalia chini. "Na mimi nilikuuliza, kisha nikaandika huku najua. Nilikuonea haya."

"Wewe ni mtoto. Niandikie tu."

"Kwa nini ulilisema, niweke nini? Naweza kuandika ulielewa vibaya. Lugha, mambo ya sheria. Wanalikubali hilo."

Ilikuwa njia pana, na ilikuwa wazi. Dainess aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa.

"Nilielewa vizuri," alisema. "Weka hivyo."

Jioni hiyo aliwapigia simu wenye mizigo mmoja mmoja. Hakutuma ujumbe kwenye kundi, ingawa ingekuwa rahisi. Kila mmoja alimwambia: njoo konseli, uape la kwako, la kwangu halikuwa kweli. Mmoja alicheka kwa hasira, akasema, basi Mama Kontena naye ni binadamu. Edina alikata simu kabla hajamaliza, naye Dainess hakujua kama ni mtandao au ni Edina.

Siku ya kuapa walijaa kwenye benchi za konseli. Chumba cha viapo kilikuwa kidogo, na mlango wake uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Afisa, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimkumbuka.

"Karibu tena. Utashika Biblia kama mwanzo?"

Dainess aliutazama mkono wake. "Naweza kuthibitisha tu, bila kuishika?"

"Hiyo ni kwa ambao imani yao haiwaruhusu kuapa. Imani yako hairuhusu?"

"Inaruhusu."

"Basi?"

"Naona haya kuigusa."

Afisa aliisogeza Biblia karibu naye, akangoja. Dainess aliweka mkono. Kisha akaambiwa asome kwa sauti, kwani ndivyo utaratibu ulivyo, mwapaji asikie anachoapia. Alisoma taratibu. Alipofika pale palipokuwa pagumu, benchi za nje ziliacha kunong'ona.

"Nilisema nimeyaona kwa macho yangu yaliyomo ndani ya marobota ya wenzangu. Sikuyaona. Sikuelewa vibaya. Niliulizwa kama nimeyaona, nikaona aibu kusema sijui mbele ya watu wanaonitegemea."

Sauti haikumkatika. Alitamani imkatike, watu wamwonee huruma. Alisoma mpaka mwisho, akatia sahihi, akatoka.

Edina alikuwa wa pili kwenye foleni. Alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Robota langu, dada. Uliliona?"

"Sikuliona."

"Nami nikaenda nikalala usingizi. Usiku wote ule nililala, kwa sababu uliapa."

Edina alimtazama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kwenye uso wa mtu, kisha akampita. Kutoka ndani sauti yake ilisikika wazi: magauni ya watoto, nimeyanunua mwenyewe, nimeyakunja mwenyewe, nimelifunga robota mwenyewe, ni langu na si la mwingine yeyote. Hakutetereka hata kwenye neno moja. Dainess alisikiliza, akajua kwamba tangu mwanzo hilo ndilo mahakama ilikuwa inalitaka, na kila mtu kwenye benchi ile angeweza kuwapa.

Khatib alikaa karibu naye, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nitazitaja," alisema kwa sauti ya chini. "Suruali. Na forodha nayo nitaitaja, Jonas ameniambia nisiache kitu."

"Sawa, mwanangu."

"Wakirudisha mizigo, mama, utapakia tena?"

"Mkinipa."

"Na utafungua marobota ya watu?"

"Nitaomba kuona. Mbele ya mwenyewe."

"Watu watakukimbia."

"Najua."

Khatib alitikisa kichwa, karibu acheke, akaacha. Jina lake likaitwa. Alisimama, akanyoosha shati, na alipofika mlangoni afisa alimwuliza kama anataka Msahafu. Akasema ndiyo.

Dainess alibaki kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemwambia abaki. Ilimlazimu kusubiri muhuri wa hati yake, kwa hiyo alikaa pale, mikono mapajani, akawasikiliza wenzake wakiingia mmoja baada ya mwingine na kusema walichokiona.