Bodi ya Mkurugenzi

Jumamosi asubuhi, Mama Mkasi alikuwa uani akiosha bodi ya gari la rimoti kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Bodi yenyewe ilikuwa ya plastiki nyembamba, angavu kama glasi, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Aliisugua sana kwa ndani, maana alama moja ya kidole chenye mafuta hutosha kuibandua rangi, na magari haya hupakwa rangi ndani, si nje. Jina la Mama Mkasi alibandikwa na wenzake wa chama cha mbio za magari hayo kwa ajili ya mkasi wake wa ncha iliyopinda, ambao hakumwazima mtu, hata dada yake wa tumbo moja.

Agizo lilitoka kwa Mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro, mlezi wa chama. Alitaka gari lake, lile kubwa la buluu, litengenezwe dogo, alikimbize Jumapili kwenye maegesho ya kiwanda. Wiki sita nyuma, gari hilo kubwa lilikuwa limevamia kibanda cha mlinzi getini. Mlinzi alinusurika kwa sababu alikuwa ameenda kuchota maji ya chai. Barua ya Afisa Utumishi ilisema dereva alisinzia, na dereva huyo, aliyefukuzwa siku hiyo hiyo, alikuwa mume wa Mama Mkasi.

"Sikuwa kwenye usukani," mume alisema jioni ile, na kila jioni tangu hapo. "Alinituma gazeti. Akasema gari atageuza mwenyewe."

"Wewe unasinzia hata harusini," Mama Mkasi alimjibu, tena mbele ya mama yake mzazi na mashangazi wawili.

Kazi aliipokea hivyo hivyo. Mkono mtupu haulambwi. Mkurugenzi naye hakuona tabu kumletea, kwani hakuwa mtu wa kuwawekea kinyongo watu aliowafukuza.

Alikata vipande vya tepu kwa wembe, akavibandika kwa ndani kwenye madirisha ili rangi isiyaguse. Akapuliza buluu, tabaka jembamba, akangoja, akapuliza tena. Mume, ambaye hakuwa na pa kwenda, alishika drai ya nywele na kukausha. Juu ya buluu ikafuata nyeupe, ili ile buluu ing'ae. Rangi ilipokauka, mkasi ukazunguka matao ya magurudumu, msasa ukalainisha kingo, na bodi ikatobolewa matundu manne ya kuishikiza. Hatimaye Mama Mkasi akaambua ngozi ya nailoni inayolinda upande wa nje.

Pembe ya mbele kushoto ilikuwa imebonyea.

Aliipasha moto kwa drai, akaisukuma kwa mgongo wa kijiko. Ikanyooka. Walipomaliza kunywa chai, ilikuwa imebonyea tena. Alifanya hivyo mara tatu.

"Ni pale pale lilipogonga kibanda," mume alisema. "Taa ya kushoto."

"Nimeona," alisema mkewe, akaanza kubandua tepu za madirisha.

Ndani alikaa Mkurugenzi, ukubwa wa kidole gumba. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine ukichana masharubu kwa kitana, macho yote mawili kwenye kioo cha juu. Alikuwa na haraka na hakuwageukia.

Mama Mkasi alimtazama kwa muda, kisha akamtazama mumewe.

"Nilisema ulisinzia."

"Ulisema."

"Mbele ya mama."

"Na mashangazi. Yule mdogo akacheka mpaka akapaliwa."

"Nimekosa, baba watoto."

"Nimesikia," mume alisema. Akaizima drai, ambayo ilikuwa ikivuma bure muda wote huo, akajipangusa uso kwa kiganja.

Kopo la rangi nyeusi lilikuwa mezani. Kuyapuliza madirisha yawe meusi ni kazi ya dakika mbili, na wateja wengi hupenda hivyo. Mama Mkasi alilichukua kopo, akalitikisa kidogo, akalirudisha kabatini.

Jumapili alasiri chama kizima kilikusanyika. Bodi ilishikizwa juu ya magurudumu yake, ikawekwa juu ya meza, watu wakainama mmoja mmoja kuchungulia. Afisa Utumishi alivaa miwani.

"Amefanana mno," alisema. "Ila tai umekosea. Siku ile alivaa ya kijani."

Mhasibu alikohoa. Mkurugenzi alichungulia kwa muda mrefu kuliko wote, akajishika mdomo wa juu.

"Masharubu yangu ni mazito kuliko haya," alisema, na wote wakakubali kwamba ni mazito.

"Na barua ya mume wangu?" Mama Mkasi aliuliza.

"Ile imeshapigwa mhuri, mama," Afisa Utumishi alisema kwa upole. "Mhuri ukishalala, hauamshwi."

Mbio zikaanza. Mkurugenzi alibonyeza rimoti huku na huku, lakini yule mdogo ndani hakusikiliza rimoti. Kila mzunguko alikata kona, akachana masharubu, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda kipya cha getini. Mlinzi, ambaye kwenye maelezo ya ajali aliandikisha kwamba hakuona kitu, alisogeza birika lake mapema bila kuambiwa. Gari lilishika nafasi ya mwisho na kupewa kikombe cha heshima.

Sasa limewekwa kwenye kabati la vioo mapokezini, na katibu muhtasi hulipangusa vumbi kila asubuhi. Wageni huonyeshwa. Mume wa Mama Mkasi hajarudishwa kazini. Hukausha rangi na kukata tepu, na mkono wake umekuwa mwepesi. Mashangazi wameitwa, wameelezwa, wamekula, na shangazi mdogo ameomba radhi huku akicheka.

Jumanne alikuja kijana aliyevaa sare ya dereva, ile ile aliyoiacha mumewe kwenye ndoano kiwandani, mabega yakimpwaya. Alibisha hodi mara tatu kabla ya kuingia.

"Shikamoo mama. Natafuta bodi moja, ya buluu."

"Marahaba. Ya mashindano?"

"Hapana. Ya kuweka nyumbani. Madirisha uyaache wazi, aonekane aliye kwenye usukani."

Mama Mkasi aliandika daftarini. Alikuwa dereva wa nne wiki hiyo.