Aliyetoka Sehemu ya Saba

Konadu alikata nyimbo kwanza, kisha marudio. Kila sehemu ya filamu ya Saa ya Mfua Dhahabu ilianza kwa robo saa ya mambo yaliyokwisha kuonwa katika sehemu iliyotangulia, na sehemu zilikuwa tisa. Mashabiki wenzake wa mtaa wa Bantama walitaka filamu moja ya saa tatu: mfua dhahabu aingie kwenye mashine, afike enzi za wafalme, arudi, basi. Mashine yenyewe ilikuwa friji kuukuu lililopakwa rangi ya fedha. Konadu, ambaye riziki yake ilikuwa kuhariri video za mazishi hapo Kumasi, aliifanya kazi hii Jumapili mchana, baada ya kanisa.

Alikuwa na sababu ya pili, wala hakuificha. Katika sehemu ya nne, anayeingia kwenye friji si staa. Staa aliogopa nyaya. Aliyevaa joho lake na kuipa kamera mgongo ni Agya Nkansah, fundi taa, baba yake Konadu. Mlango ulifungwa, umeme ukawashwa, na alipotolewa alikuwa amekufa. Hiyo ilikuwa Alhamisi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Mwenye filamu, Bosi Amankwaa, aliiambia ofisi ya kazi kwamba Nkansah hakufika kazini siku hiyo. Kesi ilikuwa bado inaahirishwa. Mjane, Maame Afriyie, alitaka jambo moja tu: Bosi akiri kwamba mumewe alifia kazini kwake.

"Simamisha hapo," Maame alisema, akiinama mbele ya kompyuta. "Kidole hicho kilichopinda nakijua mimi."

"Nitakikuza, Maame. Tutakipeleka ofisini."

Alikikuza. Kisha, kwa kuwa sehemu ya tano na ya sita zilikuwa porojo tupu, alizitupa zote mbili, akauunga mlango unaofungwa katika sehemu ya nne na mlango unaofunguka katika sehemu ya saba. Akabonyeza aone. Mlango ukafungwa. Mlango ukafunguka. Agya Nkansah akatoka kwenye kioo cha kompyuta, akapita kati ya meza na kitanda, akavua joho.

"Joto humo ndani," alisema. "Wenzangu wameshakula?"

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Konadu naye alikuwa na thelathini na minne.

Maame alimtazama toka juu hadi chini. "Ndiyo saa ya kurudi hii? Nawa mikono. Fufu ipo, mchuzi nitaupasha."

"Mbona umezeeka hivyo, Afriyie?"

"Ulitaka nikusubiri wewe ndipo nizeeke?"

Jirani aliyekuja kurudisha mchi alimsalimia, akamwambia mazishi yake yalijaa watu. Konadu aliwarushia mashabiki kipande kile cha milango miwili. Walikisifu sana.

Jumanne walimpeleka ofisi ya kazi. Bosi Amankwaa alikuwa amekwisha kuketi na wakili wake. Afisa aliwapa maji ya kunywa, kisha akawauliza kilichowaleta.

"Tumemleta shahidi," Maame alisema. "Marehemu mwenyewe."

Nkansah alieleza vizuri. Alifika kazini Alhamisi, aliingia kwenye friji, umeme ukampiga, akafa. Bosi alikuwa amesimama kando ya jenereta.

"Nkansah! Umenawiri, bwana," Bosi alisema. Akamgeukia afisa. "Mheshimiwa, mtazame. Miaka ishirini na miwili naitwa muuaji, kumbe jamaa anapumua! Tena aliondoka kazini bila ruhusa."

"Si amekwambia alikufa?" Konadu aliuliza.

"Amesema, na nimeandika," afisa alijibu. "Ila kesi ya kifo inataka maiti."

"Maiti ipo makaburini. Tuliizika sisi."

"Basi mlizika ya mtu mwingine. Shauri hilo ni la dirisha la tatu."

Alimshika Nkansah mkono, akahesabu mapigo, akaandika barua, akapiga muhuri. Hakuna kifo kilichotokea kwenye mashine ya mlalamikiwa. Faili likafungwa.

Nje, Bosi alimwekea Nkansah mkono begani. "Binti yako ameamsha mashabiki. Ijumaa tunapiga picha za sehemu ya kumi. Staa bado anaogopa nyaya."

"Agya, usiende," Konadu alisema.

"Niliacha taa mbili hazijafungwa, mwanangu. Na baada ya Alhamisi si ni Ijumaa?"

Maame hakumzuia. Alimfungia viazi vikuu na mchuzi wa majani, akamwambia, "Kabla hujaingia, waulize kama zile nyaya zimetengenezwa."

Aliuliza. Bosi alimwambia nyaya ni zilezile, hazijawahi kumdhuru mtu, na barua ya ofisi ya kazi inayosema hivyo imebandikwa mlangoni mwa friji. Nkansah aliisoma yote, hadi kwenye muhuri. Akavaa joho, akaipa kamera mgongo, akaingia.