Sare Moja ya Rais na Mwenza Wake

Usiku wa jana niliota nimeitwa Ikulu nikafumue mshono mmoja tu, nirudi kabla chai haijapoa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, watu huniita Mama Tumsifu, na kufumua mishono iliyoshonwa na wengine ni kazi yangu ya kila wiki. Kwa hiyo sikushangaa. Lakini nieleze kwanza nililala na nini moyoni, maana ndoto hii haikutoka hewani.

Jioni nasoma darasa la watu wazima katika shule ya msingi, kwenye madawati ambayo magoti yetu hayaingii. Leo tuna mdahalo na darasa la kata ya jirani. Mada ni hii: Je, Rais ambadilishe mgombea mwenza anayekosea kusema, hali uchaguzi umekaribia? Sisi tumepewa upande wa kumtetea mwenza. Kila upande una wasemaji wawili. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Mzee Ngailo, fundi baiskeli, mwenye miaka sitini na minne, aliyeanza kuandika jina lake mwenyewe mwezi wa tatu mwaka huu.

Mzee Ngailo hana neno baya hata moja. Tatizo ni kwamba maneno yake mazuri hutoka mahali pasipo pake. Kwenye mazoezi ya Jumatatu alisimama mbele ya afisa elimu wa kata, akasema, "Namshukuru sana Mwalimu Chengula. Bila yale majibu aliyotuandikia ubaoni kabla ya mtihani, hapa asingefaulu mtu." Mwalimu Chengula aliangalia dirishani mpaka kengele ikalia.

Basi darasa zima likanijia. "Mama Tumsifu, badilisha mtu. Mchukue Edina. Edina hakosei."

Ni kweli Edina hakosei. Edina hasemi.

Mwalimu alinipa karatasi yenye mistari miwili. Wa kwanza una jina langu, wa pili uko wazi. Niujaze, niirudishe asubuhi. Na Mzee Ngailo ameshanunua tai. Aliniambia, "Mama, nikisimama siku hiyo nikamaliza, hata nikifa, nitakuwa nimewahi kusimama." Nilijua nikimwondoa hatarudi darasani. Angerudi kwenye baiskeli zake na asingeshika kalamu tena. Nikapiga magoti, nikasema, "Baba, mimi sina akili ya kutosha kwa jambo hili, nionyeshe," nikalala na ile karatasi chini ya mto.

Ndipo kitanda kikawaka injini.

Tunapita juu ya mashamba ya mahindi, mimi na mkasi wangu na wembe wa kufumulia, na kitanda kinapiga honi kwenye kila kona ingawa angani hakuna kona. Ikulu imo ndani ya shule yetu, chumba cha darasa la nne. Mlangoni inalinda futi yangu ya kupimia nguo. Inajinyoosha, inanipima kutoka kisogoni mpaka kisiginoni.

"Sentimita mia moja hamsini na nane," inasema. "Pamoja na hofu. Pita."

Ndani, Rais ameketi kwenye dawati la watoto. Ni mama wa makamo, amechoka, na magoti yake hayaingii. Pembeni yake kabisa, bega kwa bega, ameketi mgombea mwenza wake, Mheshimiwa Nyaluke, mzee mnene mwenye uso wa mtu aliyekaribishwa chakula. Juu ya meza ya mwalimu imekaa pasi ya mkaa, nyekundu tumboni, inatoa cheche kila ikivuta pumzi. Hiyo ndiyo Mshauri Mkuu.

"Fundi," inasema Pasi, "sheria inasema Rais na mwenza wake wanakwenda kwa kura moja. Chama kimetii sheria. Kimewashonea sare moja."

Natazama. Ni kweli. Gauni la Rais na koti la mwenza wake ni nguo moja, kitenge cha rangi ya chungwa chenye picha za mabirika. Mkono wa kushoto wa Rais na mkono wa kulia wa Mheshimiwa Nyaluke inaingia kwenye mkono mmoja wa nguo, na vidole kumi vinatokea mwishoni kama chane ya ndizi.

"Karibu sana, mama," ananiambia Mheshimiwa Nyaluke. "Pole kwa msiba."

"Sina msiba, Mheshimiwa."

"Basi hongera."

Kifungo kinadondoka kutoka kifuani pake. Ti!

"Umeona?" inasema Pasi. "Kila akikosea, kifungo kimoja chini. Tulianza kampeni na vifungo mia moja na ishirini. Vimebaki vitatu. Kikianguka cha mwisho, nguo yote inafunguka mbele ya wananchi, na Rais yumo ndani."

Rais anafumba macho.

Natazama sakafuni, vifungo vimetapakaa mpaka ubaoni. Fundi hakanyagi kifungo, ni mwiko niliofundishwa na aliyenifundisha kazi. Nainama, naokota, natia kwenye pindo la kanga yangu. Kila nikiokota kimoja, kinarudia kosa lililokiangusha, kwa sauti yake Mheshimiwa.

"Ndugu zangu, maji tumewaahidi kwa miaka thelathini, na hatujachoka!" kinasema cha kwanza.

"Zahanati hii ni nzuri mno," kinasema cha pili. "Mimi mwenyewe nikiugua nitaiona, nikipita kwenda uwanja wa ndege."

"Poleni wafiwa. Mmejitokeza wengi, endeleeni hivyo hivyo."

Najitahidi kutocheka mbele ya Rais. Nang'ata pindo la kanga. Rais naye mabega yanatikisika, na kwa kuwa nguo ni moja, Mheshimiwa Nyaluke anatikisika pia bila kujua sababu.

Kisha naokota kimoja kisichofanana na vingine. Kikubwa, cha pembe ya ng'ombe, kina matundu matatu. Katika maisha yangu yote nimeshona vifungo vya matundu mawili na vya manne. Cha matatu sijawahi kukiona. Nakiweka sikioni. Kinasema taratibu:

"Mama yangu, barabara hiyo itajengwa lini mimi sijui. Nitauliza, nitarudi nikwambie."

"Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote!" Pasi inaruka, majivu yanatapakaa. "Mgombea amesema hajui! Hadharani! Na kesho yake akarudi kweli, akamwambia yule mama kwamba haitajengwa!"

"Alishukuru," anasema Mheshimiwa Nyaluke. "Alinipa kuku."

Pasi haimsikilizi. Inapuliza cheche kuelekea kabati la vitabu, kabati linafunguka, na anatoka mbadala. Ni sanamu ya dukani ya kuvalishia nguo, suti nyeusi, mabega ya mraba, pasi imepita mpaka kwenye soksi. Haina kichwa.

"Haina kichwa," nasema.

"Ndiyo sifa yake ya kwanza," inajibu Pasi. "Bila kichwa hakuna mdomo. Bila mdomo hakuna kosa."

"Ikiulizwa swali?"

"Inasimama. Hakuna anayesimama vizuri kama yeye. Mfumue yule, mshone huyu, kengele ikilia wanatoka."

Rais ananigeukia. "Fundi, wewe waonaje? Nimwache au nimwondoe?"

"Mheshimiwa Rais, mimi nasoma darasa la jioni tu."

"Hata mimi," anasema, na ananionyesha daftari lake. Kwenye jalada limeandikwa jina lake kwa penseli, na limefutwa mara mbili.

Mheshimiwa Nyaluke anakohoa. "Mimi sikatai kuondolewa," anasema, na safari hii hakuna kifungo kinachoanguka. "Nakosea, najua. Nikisimama pale juu nawaona watu, nafurahi, basi ulimi unatangulia mbele kama mbuzi aliyeona majani. Ila nikifumuliwa, fundi, nitavaa nusu koti niende nalo wapi? Mke wangu ameshawaambia majirani. Halafu, nani atamkuna mgongo?"

"Mgongo wa nani?"

"Wangu," anasema Rais, amejiinamia. "Mikutano ni mirefu. Huwa ananikuna, hakuna anayeona, mkono wa nguo ni mmoja."

Pasi inaniangalia, sanamu inanielekezea shingo, hata wembe mkononi mwangu unaniuliza, "Tunaanza au hatuanzi?"

Mimi sishiki nguo ya mtu bila kusali, iwe ya harusi, iwe ya shule. Mkasi ukishapita haurudi. Nafumba macho. Pasi, kwa adabu, inafunga kifuniko chake. Nasema, "Baba, uongoze mkono huu," nasema amina, wembe nao unasema amina, tunaanza.

Nafumua nyuzi tatu tu, kisha nafanya afanyavyo fundi yeyote mwenye akili. Nageuza nguo nione ndani.

Ndani kuna aibu. Upande wa Rais umekatwa ukingoni kabisa, hakuna akiba ya kitambaa hata upana wa ukucha. Mshono wote umeshikwa na upande wa Mheshimiwa Nyaluke. Kwake kumeachwa kitambaa cha vidole vinne, kimekunjwa, kimelegea, hakikupigwa pasi, hakipendezi, na ndicho kinachoibeba nguo nzima.

"Upande wa Rais alikata nani?" nauliza.

"Mimi," inasema Pasi. "Nilitaka umkae sawasawa. Asionekane na kunyanzi."

"Umemkaa sawasawa mno. Hawezi kuinua mkono kuwapungia watu. Hawezi hata kuvuta pumzi. Nikimfumua huyu mzee, mgongo wa Rais unabaki wazi, na hakuna kitambaa cha kuufunika."

"Utaushona kwa huyu mpya!"

Naiendea sanamu. Naigeuza nyuma. Mtu yeyote aliyewahi kuuza nguo anajua nitakachokikuta, lakini Rais hajawahi kuuza nguo, basi anasimama, na Mheshimiwa Nyaluke anasimama naye, waje waone. Kutoka shingoni mpaka kiunoni, suti nzuri ya ile sanamu imebanwa kwa pini. Pini arobaini. Mbele suti, nyuma pini tupu. Nachomoa moja, na suti yote inaporomoka mpaka miguuni kwa sauti ndogo ya heshima.

Sanamu haisemi kitu. Ni haki yake.

"Kumbe," anasema Rais.

"Kwa hiyo mnataka twende na mtu wa vifungo vitatu?" inafoka Pasi.

"Vifungo hushonwa," nasema.

"Mia moja na kumi na saba?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Kengele inalia. Chumba cha darasa la nne kinakuwa uwanja wa mpira, dawati linakuwa jukwaa, na watu wamejaa mpaka juu ya magoli. Mheshimiwa Nyaluke anashika kipaza sauti kwa mkono wake ulio huru. Mimi nimepiga magoti nyuma yake, sindano mdomoni, kanga imejaa vifungo.

"Ndugu wananchi wa... wa hapa hapa!" anaanza.

Ti! Kimoja chini. Nashona kimoja. Watu wanapiga makofi.

"Mpinzani wetu ni mtu mwema, tena mrefu!"

Ti! Nashona. Watu wanacheka, lakini si kicheko cha kumcheka, ni kile cha mjomba akifika harusini.

"Mimi huwa nakosea. Mkiniona nakosea, msinyamaze, niambieni!"

Nasubiri. Hakuna kinachodondoka. Anasema, nashona, kinaanguka, nashona, na Rais ameinua mkono anawapungia, maana nimeshaupanua upande wake kwa kitambaa cha mwenziwe. Uzi unaniishia. Mkononi kimebaki kifungo kimoja tu, kile cha matundu matatu. Natafuta kwenye koti mahali pake, sipaoni. Koti limejaa.

Rais anageuka nusu, hata nguo haistuki. "Hicho si chetu," ananinong'oneza. "Kamshonee mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, Mheshimiwa?"

"Wee fundi nawe. Mtu akuombee usiku kucha halafu umuulize mwenyewe ni nani?"

Nataka kumwambia kwamba aliyesali ni mimi, lakini kitanda kimeshapiga honi.

Niliamka jogoo wanawika. Baridi ya Makambako ilikuwa imeshika vidole vyangu, na ngumi yangu ya kulia ilikuwa imefumbwa kwa nguvu mpaka imeuma. Sikuifumbua. Kwanza nilisema asante. Nilikuwa bado nimepiga magoti nikasikia hodi.

Alikuwa Mzee Ngailo, amevaa koti la kahawia na tai mpya, ingawa mdahalo ni jioni.

"Mama Tumsifu, pole kwa msiba," alisema.

"Nani amefariki, Mzee?"

"Aa, hapana. Nilitaka kusema umeamkaje. Njia nzima nafanya mazoezi ya hotuba, maneno yamepandana." Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo. "Mama, nimesikia wanavyosema darasani, usiku kucha nimekuombea. Kama umeandika Edina, nitaelewa. Nitakuja tu niwapigie makofi. Ila naomba unisaidie kitu kimoja, hata nikiwa wa kupiga makofi nionekane nadhifu. Kifungo cha katikati kimeanguka, sijui ni usiku au ni lini. Kilikuwa cha marehemu baba, cha pembe. Utashona chochote ulicho nacho, maana mfano wake hutaupata. Kilikuwa na matundu..."

"Kaa hapo kwenye kigoda, Mzee Ngailo," nilimwambia. "Na hotuba yako uianze upya, nakusikiliza."

Nikaichomoa karatasi chini ya mto, nikaujaza mstari wa pili kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kitu. Kisha nikaufumbua, nikatia uzi kwenye sindano, nikashona tundu la kwanza, la pili, na la tatu.