Ukurasa Alioanzia Austin

Sikujiunga na darasa la kompyuta ili nipate kazi. Nilijiunga ili nimwaibishe mwalimu mbele ya watu, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mimi ni Aidah, Mnubi wa Arua, Uganda. Nilikuja Juba mwaka uleule bendera mpya ya Sudan Kusini ilipopandishwa, nikafungua kibanda cha fotokopi mtaa wa Hai Malakal. Wateja wakipungua, nachora. Nilipenda vitabu vya katuni vya Kijapani, vile vya mapepo na falme zisizokuwepo, nikatunga changu: msichana anatoka kwenye matope ya mto, mfalme anamwibia kivuli, naye anapigana mpaka anakirudisha. Maneno yalikuwa machache, kazi yote ilifanywa na picha. Nilitoa nakala kwa mashine yangu mwenyewe. Jalada lilikuwa na sura ya msichana mbele na nyuma, bila maandishi.

Kitabu kilifunguliwa kutoka kulia, kama vya Wajapani. Kwangu halikuwa jambo geni, nimesoma madrasa tangu utotoni. Watoto wa mtaani, ambao wengi walisomea Khartoum kwa Kiarabu, walikisoma bila kumuuliza mtu. Madam Priscilla, Mkenya aliyesimamia vitabu vya shule katika shirika moja, aliwakuta wakigombania nakala kibandani, akaniahidi kuchapisha elfu moja. Kwanza, akasema, atampa Mkenya mwenzake Austin akisome. Austin alifanya kazi benki na kuandika safu ya vitabu gazetini.

Austin akaandika. "Shujaa huyu ni mwoga. Anaanza akiwa na kivuli chake, anamwachia mfalme, kisha anayeyuka na kuwa matope. Hata jina la kitabu limewekwa mwishoni, kana kwamba mchoraji alilikumbuka kwa kuchelewa. Taifa changa litajifunza nini hapa?"

Madam Priscilla akafuta ahadi. Niliisoma makala ile mara tatu ndipo nikaelewa: jamaa alikuwa amekifungua kutoka kushoto, akasoma kuanzia mwisho mpaka mwanzo. Damu ilinichemka. Ningeweza kumpigia simu nikamweleza, naye angeniomba radhi kwa upole, bila mtu mwingine kusikia. Radhi ya kichochoroni ya nini? Alinitukana mbele ya mji mzima.

Kila Jumamosi Austin alifundisha bure kuandika programu, kwenye ukumbi wa kanisa. Sura yangu hakuijua, na kitabuni nilikuwa nimetia jina la bibi yangu. Nikajiandikisha.

Alianza kwa kutufundisha kuifanya mashine isalimie: "Habari, Juba." Halafu iulize mtu jina na kumjibu kwa jina hilo. Halafu ipime: kama jibu ni hili, sema hivi, la sivyo sema vile. Hapo nikajua nimefika nilipokuwa nakwenda. Alituonya pia kwamba programu isiyopewa pa kukomea itajirudia milele, na hiyo ndiyo aibu kubwa ya mwanagenzi. Nililiandika hilo kwa uangalifu. Alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu, na jambo hilo lilinikera zaidi.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Desemba, 2013. Desturi ya darasa ni kwamba programu yako ya kwanza inaonyeshwa ukutani, na mwalimu mwenyewe anaijaribu mbele ya wageni bila kuona ulichoandika ndani. Nilimwalika Madam Priscilla. Lubega, fundi simu, alionyesha ya kujumlisha namba, akapigiwa makofi. Kisha mimi.

Ukutani yakatokea maneno: "Maswali matano kuhusu msichana wa matope."

Austin akacheka. "Hiki kitabu nakijua vizuri sana."

Akajibu haraka haraka. Msichana anaishia wapi? Kwenye matope. Nani anabaki na kivuli? Mfalme. Alipomaliza, mashine ikasema: "Ustaz, umekosa matano kati ya matano. Umesoma kitabu kuanzia mwisho." Chini yake likaja neno "Anza kulia", likajirudia na kujirudia hadi likajaza ukuta. Austin alibonyeza huku na kule, vidole vikasahau alichotufundisha. Ukumbi mzima ulicheka. Mwishowe aling'oa waya.

Madam Priscilla alikuwa ameshatoa nakala kwenye mkoba, anaisoma kutoka kulia. "Lete michoro ofisini Jumatatu," akaniambia. Nilitembea hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Jumatatu tuliamkia bunduki. Siku nne nilijifungia kibandani. Siku ya tano mlango ukagongwa, nikachungulia, ni Austin, shati limejaa vumbi.

"Dada Aidah, gari la airport linaningoja. Madam ashaenda Nairobi. Nipe michoro tuichapishe huko. Ikibaki hapa itachomwa."

Alisema kweli. Lakini hasira yangu haikuwa imekwenda popote.

"Wewe nasoma kwanza," nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha Arua. "Yote. Kutoka kulia."

Akachuchumaa mlangoni akasoma. Honi ikalia. Upande wa kambi ya jeshi kitu kikalipuka, hakuinua kichwa. Alipofika pale msichana anapokirudisha kivuli alijifuta uso kwa mkono.

"Nilikukosea, dada."

"Mimi najua."

Nikatoa ile makala yake niliyoikata gazetini, nikaibandika kwenye ukurasa wa mwisho. "Hii pia nachapishwa, na jina yako. Kwa zote elfu moja."

"Watanicheka."

"Mtu akifungua upande mbaya, atakutana na wewe kwanza."

Honi ikalia tena. Aliitazama makala, akanitazama mimi. "Sawa," akasema, akaifutika michoro ndani ya shati na kukimbilia gari.

Vitabu vilifika Aprili, kwa lori lililopitia mpaka wa Nimule. Nilichukua cha juu, nikakifungua kutoka kushoto nione kama yupo. Alikuwepo.